Daftari la Taifa ni la Nani? Somo la Johannesburg



Kila kiongozi wetu akipanda jukwaani siku hizi hakosi kuitaja TEHAMA. Tunahesabiwa kilomita za mkongo wa taifa, tunahesabiwa laini za simu, tunaambiwa nchi inaingia kwenye uchumi wa kidijitali na asiyekimbia ataachwa. Makofi yanapigwa. Mimi sina ugomvi na mkongo wala laini. Bila mtandao msingeyasoma haya. Ugomvi wangu ni swali moja ambalo silisikii likiulizwa kwenye mikutano hiyo: taarifa zetu zote zikishakusanywa, daftari ni la nani? Nani analishika, nani analifungua, nani anaweza kulifuta jina lako, na likifutwa unakwenda kumshitaki wapi?

Naandika kutoka Johannesburg, ambako nimeishi miaka mingi kama wabongo wengine tuliokuja Sauzi kutafuta. Wengi wetu tunaujua mji huu kwa biashara, kwa Yeoville na Hillbrow, kwa kupigwa virungu na kuitwa makwerekwere. Lakini kwa mtu anayetaka kujua teknolojia ya habari inaweza kumfanyia nini binadamu, huu ni mji wa kuusoma kama kitabu. Hapa imetumika kuwafunga watu, hapa imetumika kuwakomboa, na hapa mahakama imesimama katikati na kusema mpaka uko wapi. Sisi tunaokwenda huko sasa hivi kwa mwendo wa kasi tuna haja ya kuangalia wenzetu walipita wapi.

KIDOLE KABLA YA KOMPYUTA

Watu hudhani historia ya teknolojia ya habari inaanza na kompyuta. Inaanza na daftari, kadi, na wino wa kidole gumba. Mwaka 1900, vita vya Waingereza na Makaburu vikiwa bado vinaendelea, Waingereza walimleta huku Edward Henry, afisa aliyetokea Bengal ambaye mfumo wake wa kupanga alama za vidole ulikuja kutumiwa na polisi wa nchi nyingi duniani. Kazi yake ilikuwa kupanga upya polisi wa Johannesburg na Pretoria. Mji ulikuwa wa dhahabu, umejaa vibarua kutoka kila upande, na wenye migodi walitaka kumjua aliyekimbia mkataba hata akijiita jina jingine. Jina unaweza kulibadilisha, kidole huwezi.

Haikuchukua muda kidole kikawa siasa. Serikali ya Transvaal ilitunga sheria ya kuwalazimisha Waasia wote wajiandikishe na kutoa alama za vidole. Aliyewaongoza kupinga alikuwa wakili mmoja kijana mwenye ofisi hapa Johannesburg, Mohandas Gandhi. Januari 1908 alipatana na Jenerali Smuts kwamba watu watajiandikisha kwa hiari yao, na sheria ya kulazimisha itafutwa. Watu wakajiandikisha. Sheria haikufutwa. Tarehe 16 Agosti 1908, kwenye viwanja vya Msikiti wa Hamidia, Newtown, vyeti zaidi ya 2,000 vilitumbukizwa kwenye chungu kikubwa cha chuma, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto.

Angalieni jambo hili vizuri. Watu wale walikuwa wamekubali kutoa vidole. Kilichowakasirisha ni kwamba walitoa kwanza, wakapewa ahadi, na ahadi ikaliwa. Ukishatoa kidole huwezi kukidai kirudi. Mkononi unabaki na neno la aliyekichukua.

Wala msidhani haya ni ya Sauzi peke yake. Neno letu wenyewe lipo: kipande. Kenya ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika alibeba karatasi yake yenye alama za vidole ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni, kama kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 kwa kuwaongoza watu dhidi ya mambo kama hayo, wananchi waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi walipigwa risasi. Kwa hiyo bibi zetu na babu zetu walijua zamani kwamba mambo ya kuandikishwa yana uzito wake.

MTAMBO WA KUBAGUA

Mwaka 1950 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya kuwaandikisha watu wote kwa rangi. Mwaka 1952 ikapitisha nyingine ambayo jina lake lilikuwa la kufuta pasi, na kazi yake ikawa kumpa kila Mwafrika kitabu kimoja cha kubeba popote aendapo. Watu wakakiita dompas, yaani pasi ya mjinga. Huo ni usanii ambao hata wanasiasa wetu wangeuonea wivu: sheria ya kufuta pasi inaleta pasi kubwa zaidi! Wanawake wapatao 20,000 waliandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kuipinga. Tarehe 21 Machi 1960 watu 69 waliuawa Sharpeville, kusini mwa Johannesburg, kwa sababu ya kitabu hicho hicho. Wanaofuatilia kumbukumbu wanahesabu kwamba kati ya 1916 na 1984 watu zaidi ya 17,000,000 walikamatwa au kushitakiwa kwa makosa ya pasi.

Sasa jiulizeni: ofisi inawezaje kuwafuatilia mamilioni ya watu, nani anaruhusiwa kuwa mjini, nani mkataba umekwisha, nani arudishwe kijijini? Kwa makaratasi peke yake haiwezekani. Hapo ndipo kompyuta zilipoingia. Kampuni ya Uingereza, ICL, iliuza mitambo iliyotumika kwenye daftari la Waafrika. IBM ya Marekani iliuza mitambo iliyotumika kwenye daftari la wazungu, machotara na Wahindi. Polaroid ilikuwa na kamera iliyotoa picha za vitambulisho papo hapo, na picha hizo ziliingia kwenye dompas.

Waliofichua la Polaroid hawakuwa mabalozi wala mawaziri. Walikuwa wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams. Mwaka 1970 waliona sampuli ya kitambulisho cha Afrika Kusini kazini kwao, wakauliza, na hawakukubali kunyamazishwa. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid iliondoka Afrika Kusini. IBM iliuza tawi lake la huku mwaka 1987. Waathirika walipofungua kesi Marekani mwaka 2002 wakizidai kampuni kadhaa, IBM ikiwamo, kesi ilizungushwa danadana ya miaka mingi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza mwaka 2016. IBM haikulipa. Mtambo ulishafanya kazi yake, muuzaji alishachukua fedha yake.

SISI TULIKUWA WAPI?

Wakati huo sisi tulikuwa tunafanya kinyume kabisa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za Hazina zilivurugika badala ya kunyooka, wataalamu walikuwa wa kuazima, fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Zanzibar wao walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo hiyo ya 1970. Sisi wa Bara tukaja kuwa na vituo vyetu mwaka 1994.

Naomba nieleweke. Siwaweki Mwalimu na makaburu kwenye mizani moja. Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mkutano mkubwa wa ANC wa 1969 ulifanyika Morogoro. Heshima hiyo bado tunaipata huku kwa wazee wanaokumbuka. Na sababu za marufuku zilikuwepo. Nchi maskini haichezi na fedha za kigeni.

Lakini marufuku nayo ilikuwa na bei. Kizazi kizima cha vijana wetu kilimaliza shule bila kugusa mtambo huo. Soko lilipofunguliwa tulikuwa wanunuzi tu, wa mitambo ya watu, kwa masharti ya watu, bila wajuzi wa kutosha wa kuuliza maswali magumu mezani. Mtu asiyejua mtambo unafanya kazi vipi hawezi kuuwekea sheria. Anasaini anapoonyeshwa.

MTAMBO ULE ULE, MKONO MWINGINE

Kuna watu wakisikia historia ya dompas wanasema basi kompyuta ni ya shetani. Hapana. Msikilizeni Tim Jenkin. Huyu ni mzungu wa Afrika Kusini aliyefungwa Pretoria kwa kazi za ANC, akatoroka gerezani Desemba 1979 na wenzake wawili kwa funguo walizozichonga kwa mbao. Akafika London. Miaka ya mwisho ya 1980 ANC ilipoandaa Operesheni Vula, ya kuwaingiza viongozi wake kwa siri ndani ya nchi, tatizo kubwa lilikuwa mawasiliano. Simu zote zilisikilizwa, barua zote zilifunguliwa.

Jenkin na mwenzake Ronnie Press wakatengeneza njia yao. Aliye ndani ya nchi aliandika ujumbe kwenye kompyuta ndogo, programu ikaugeuza kuwa namba zisizosomeka bila ufunguo, namba zikageuzwa sauti na kurekodiwa kwenye kaseti, kisha akaenda kwenye simu ya barabarani na kuicheza kaseti ile. London ilipokea, ikafumbua, ikapeleka Lusaka. Disketi zenye funguo zilipita mpakani mikononi mwa mhudumu wa ndege wa Kiholanzi. Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda waliingia nchini mwaka 1988 na mawasiliano yakafanya kazi. Hata Mandela, akiwa bado mfungwa kule Victor Verster, aliweza kupelekeana habari na Oliver Tambo kupitia njia hiyo.

Kwa hiyo katika nchi moja, katika miaka ile ile, kompyuta kubwa ya serikali ilikuwa inawasaka watu na kompyuta ndogo ya wapigania uhuru ilikuwa inawaficha. Na hiyo ya kuficha, yaani haki ya mtu kuongea bila kusikilizwa, ndiyo ambayo serikali nyingi za Afrika leo zinaiita uhalifu. Wengine walioko madarakani walifika pale kwa kuficha ujumbe wao. Wanasahau haraka.

BAADA YA UHURU

Mwaka 1994 uhuru ukaja, na simu za mkononi zikaja mwaka huo huo. Vodacom na MTN zilipewa leseni kwa masharti: pamoja na biashara zao zilitakiwa zipeleke maelfu ya simu za jamii kwenye maeneo ya watu weusi yaliyonyimwa simu miaka yote. Ndiyo yale makontena ya simu yaliyoenea Soweto na Alexandra. Mwananchi aliingia, akapiga simu kwa bei iliyopangwa, na mwenye kontena, mara nyingi mtu wa mtaa ule ule, akapata riziki. Leseni ilikuwa na meno. Mwaka 2000 Vodacom ikafika Dar es Salaam, na mnajua wenyewe vocha zilivyobadilisha maisha yetu.

Lakini si kila kitu kinachoota kwa jirani kitaota kwako. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata 2008, na leo mama muuza mchicha Tandale anapokea fedha kwa simu. Agosti 2010 Vodacom ikaileta huku Sauzi kwa mbwembwe, ikitarajia wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ikashindwa. Ikajaribiwa upya 2014, ikafungwa Juni 2016. Teknolojia ilikuwa ile ile. Huku watu wengi walikuwa na akaunti za benki, maduka makubwa yalikuwa tayari yanatuma fedha, na sheria za benki zilikuwa ngumu zaidi. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wa mitambo wakija kwetu hutuambia, "Mfumo huu umefanya maajabu nchi fulani." Ulifanya maajabu chini ya sheria gani? Mahakama gani? Soko gani? Hayo hayamo kwenye kipeperushi.

MAFAO YA WAZEE NA WATOTO

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mafao ya serikali. Afrika Kusini inawalipa wazee, walemavu na walezi wa watoto maskini. Hadi 2017 yalikuwa takriban mafao milioni 17 kila mwezi. Mwaka 2012 kazi ya kulipa ilipewa kampuni binafsi, Cash Paymaster Services, tawi la Net1. Watu waliandikishwa upya kwa alama za vidole, wakapewa kadi. Faida zilikuwepo: majina hewa yalipungua, bibi wa kijijini alilipwa karibu na kwake.

Kisha likajitokeza la pili. Kampuni dada za hiyo hiyo zilikuwa zinauza mikopo, umeme na vocha za simu, na makato yakawa yanakatwa kwenye mafao kabla bibi hajayashika. Wazee wakalalamika kwamba wanakatwa kwa vitu wasivyovikumbuka kununua. Chama cha kutetea haki, Black Sash, kikalibeba suala hilo. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilisema zabuni yenyewe haikuwa halali. Lakini serikali haikuandaa mbadala, na Machi 2017, siku chache kabla ya mkataba kwisha, ikabidi Mahakama iruhusu kampuni ile ile iendelee kulipa mwaka mmoja zaidi, la sivyo mamilioni wangelala njaa. Mahakama iliamuru waziri mhusika, Bathabile Dlamini, ahojiwe, na mwaka 2022 alitiwa hatiani Johannesburg kwa kutoa ushahidi wa uongo katika uchunguzi huo.

Mnaona? Serikali ilikuwa na sheria, ilikuwa na bajeti, ilikuwa na mahakama kali. Ila daftari lilikuwa kwa mtu mwingine. Mwenye daftari akawa ameishika serikali shingoni. Sisi tunaosaini mikataba ya mifumo ya vitambulisho, kodi, hati za kusafiria na uchaguzi bila Bunge kuiona tumejiandaa kwa hilo?

MAHAKAMA JUU YA GEREZA

Hapa Braamfontein, kwenye kilima, kuna gereza la zamani lililoitwa Number Four. Waafrika waliokamatwa bila dompas walijazwa humo. Gandhi alifungwa kilimani hapo, na Mandela pia. Leo Mahakama ya Katiba iko juu ya kilima hicho hicho, na matofali ya sehemu ya mahabusu yaliyobomolewa yametumika kujengea kuta zake. Nimewapeleka pale wageni kadhaa kutoka nyumbani.

Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama hiyo ilitoa hukumu ambayo kila Mtanzania mwenye simu angepaswa kuijua. Mwandishi wa habari Sam Sole wa amaBhungane aligundua kwamba mazungumzo yake ya simu yalikuwa yamerekodiwa na serikali. Sheria ya kusikiliza simu ya 2002, ambayo pia ndiyo iliyoleta usajili wa laini huku, haikumtaka mtu yeyote amwambie, hata baada ya uchunguzi kwisha. Mahakama ikasema hiyo ni kinyume cha Katiba: mtu lazima aarifiwe baadaye, hakimu anayetoa ruhusa lazima awe huru kweli, na waandishi na mawakili lazima walindwe zaidi. Ikasema pia kwamba kuvua mawasiliano ya watu wote kwa jumla, kama wavuvi wa kokoro, hakuna sheria iliyokuruhusu.

Januari 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema wizara haiwezi kuvifungia vitambulisho vya watu kwenye kompyuta bila kuwasikiliza kwanza. Mtu alikuwa anaamka asubuhi, namba yake haifanyi kazi, hana benki, hana hospitali, mtoto hasajiliwi shule. Na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaliambia kundi la Operation Dudula kwamba mtu wa mtaani hana mamlaka ya kumsimamisha mwenzake adai hati zake. Hukumu hiyo inatuhusu moja kwa moja sisi wageni.

Sisemi Sauzi ni peponi. Nimepanga foleni tangu saa kumi alfajiri kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini, nikafika dirishani saa nane mchana na kuambiwa mfumo umeanguka, rudi kesho. Nimerudi kesho mara tatu. Lakini huku mtu ana mahali pa kwenda kushitaki, na mara nyingine anashinda.

NYUMBANI KWETU

Tanzania tumepata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaja 2018. Mwaka 2019 tuliambiwa kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, huku wananchi wengi wakiwa bado hawajapata namba hiyo ya kitambulisho. Foleni zake mnazikumbuka. Na sheria ya kulinda taarifa binafsi? Ilitungwa 2022 na kuanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo vidole tulitoa kwanza, ulinzi ukaja miaka mitatu baadaye. Kama wale wa Newtown, 1908.

Sasa inazungumzwa Jamii Namba, namba moja ya mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Wakenya walitangulia na Huduma Namba mwaka 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu yao ikaizuia isiendelee bila sheria za kutosha za kulinda taarifa, na Oktoba 2021 ikasema kadi zilizotolewa hazikufuata sheria kwa sababu serikali haikupima madhara kwanza. Nani alikwenda mahakamani? Mashirika ya kutetea haki, likiwamo la Wanubi, ambao wanajua maana ya kuachwa nje ya daftari.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Mtandao ulizimwa nchi nzima, na ukabaki hivyo siku kadhaa. Sisi tulio nje tulikaa na simu mikononi bila kujua mama yuko hai au la. Hapa Yeoville watu walikuwa wanasimama nje ya maduka wakiulizana, "Wewe umempata nani?" Tulichojifunza siku zile ni kwamba mkongo tunaojivunia una swichi, na hatujui sheria ipi inamzuia mwenye kidole juu ya swichi hiyo.

WATAKAOSEMA

Watakuwepo wa kusema, "Asiye na kosa haogopi kuandikishwa." Waliokufa Sharpeville walikuwa na kosa gani? Kosa liliandikwa na mwenye daftari. Serikali ya leo inaweza kuwa njema. Daftari litarithiwa na ya kesho ambayo hujui itakuwa ya nani.

Watakuwepo wa kusema, "Usalama wa taifa kwanza, matapeli wa simu wametumaliza." Kweli, utapeli upo na umewaumiza wazee wetu. Lakini hukumu ya 2021 haikuikataza Sauzi kumsaka mhalifu. Ilisema msakaji naye awe na mtu wa kumwangalia.

Na watakuwepo wa kusema, "Nyie mlioko nje mnatupigia kelele." Vidole vyetu vimo humo humo. Fedha tunazotuma zinapita humo humo. Tuna haki ya kuuliza.

NINACHODAI

Kwanza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iwajibike kwa Bunge. Mwenyekiti wake asiwe mteule wa Rais peke yake. Huku Sauzi wajumbe wa chombo kama hicho hupendekezwa na Bunge na hujibu kwa Bunge, na ndiyo maana wanaweza kuikaripia serikali.

Pili, hakuna mkataba wa mfumo wa kitambulisho, mafao au uchaguzi kusainiwa kabla Bunge halijaona vipengele vitatu: taarifa zinakaa wapi, muuzaji akiondoka tunabaki na nini, na nani mwingine anaruhusiwa kuziona.

Tatu, mtu asifungiwe laini wala namba yake kabla ya kupewa taarifa, muda wa kujitetea na mahali pa kukata rufaa. Mtu aliyefungiwa namba leo amefungiwa benki, hospitali na kazi kwa mara moja.

Nne, kuzima mtandao kupigwe marufuku kwa sheria isipokuwa kwa amri ya jaji, yenye sababu zilizoandikwa na mwisho wa muda wake.

Tano, vijana wetu wafundishwe mitambo hii kwa undani, kuijenga na kuikagua, si kubofya tu. Bila hao, hayo manne ya juu yatakuwa maneno mazuri kwenye karatasi, na waziri ataendelea kusaini anapoonyeshwa.

Wabunge mnasoma, najua mnasoma. Muswada wa Jamii Namba ukifika mezani kwenu, anzeni na swali la daftari ni la nani, na msikubali kujibiwa kwamba ni la wananchi mpaka muonyeshwe kifungu.

Naomba kuwasilisha.